Dawa Iliyoachwa Siku Tisa: Kisa cha Fluoksetini, Amitriptilini na Tramadoli

Kisa hiki ni cha mfano. Mgonjwa wake si mtu mmoja aliye hai mahali fulani. Ameundwa kutokana na mambo yanayojulikana kutokea dawa hizi tatu zinapokutana, na vipimo vyake ni vile ambavyo hali ya namna hii huweza kutoa. Dawa zenyewe, dozi na tahadhari ni za kweli. Ameishi Amu, yaani mji wa Lamu, na kuugulia Malindi, kwa kuwa kubadilisha mji ni kubadilisha daktari, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Ni mama wa miaka 54, mkaazi wa Langoni. Ana presha, na kila asubuhi humeza hidroklorothiazidi ya miligramu 25. Mumewe alifariki, akakaa eda yake ya miezi minne na siku kumi, akatoka. Jamaa zake walidhani akishatoka eda atachangamka kidogo kidogo. Haikuwa hivyo. Mwezi wa saba tangu msiba alikuwa bado anaamka saa tisa usiku na kukodoa macho hadi adhana ya alfajiri, chakula anakionja tu, na kofia alizokuwa akidarizi kwa kuuza zimelala ndani ya kikapu. Hakuwa akilia. Alimwambia bintiye kwamba hata kulia hawezi.

Hospitalini hawakukimbilia dawa, na walifanya vyema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na bingwa wa maradhi ya akili unataka miezi sita ya mwanzo baada ya kufiwa ichukuliwe kuwa ni majonzi ya kawaida, ila kama mtu anataka kujiua, anasikia sauti au anaona visivyokuwepo, au amezorota kiasi cha kushindwa kujihudumia. Miezi sita ilikuwa imepita. Alipimwa damu ili upungufu wake usije ukafanana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoisha, akapimwa na tezi ya shingo. Aliulizwa pia kama aliwahi kupitisha siku kadhaa akiwa na nguvu kupita kiasi, halali wala hachoki, anasema mbio na kutumia pesa ovyo. Swali hili huonekana la ajabu kwa mtu aliyejaa huzuni, lakini lina kazi: mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia akipewa dawa ya sonona peke yake, dawa hiyo yaweza kumrusha upande wa pili. Mama huyu hakuwahi.

Aliulizwa pia waziwazi kama ana mawazo ya kujiua. Bintiye alishtuka, maana watu wengi huamini kuuliza ni kumtia mtu wazo hilo. Sivyo; anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupata nafuu kwa kupata pa kusemea. Wengine huficha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mama alijibu kwamba hutamani asiamke, lakini hajapanga lolote. Jibu hilo liliandikwa, na likaamua jambo moja la vitendo: dawa atapewa ya wiki moja moja mwanzoni, na itakaa kwa binti. Familia ilipewa na namba 1199, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, kwa saa ambazo kliniki imefungwa.

Akaandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona, ya miligramu 20, kapsuli moja asubuhi baada ya chai. Kwenye kasha jina husomeka Fluoxetine, na hilo ndilo la kukariri kwa sababu kampuni zinazoitengeneza ni nyingi na kila moja huipa jina lake la biashara. Mgonjwa mzee au dhaifu huanzishwa miligramu 10 kwa wiki ya kwanza.

Siku za mwanzo

Wiki ya kwanza ndiyo dawa hizi huachwa zaidi, kwa sababu madhara hutangulia na faida hufuata. Mama alipata kichefuchefu, kichwa kikamgonga, na siku ya nne alikuwa hatulii, anainuka na kukaa. Binti alitaka kuikatiza. Alichokuwa ameambiwa kliniki ndicho kilichomzuia: kichefuchefu huisha ndani ya wiki moja au mbili, chai na kipande cha mkate kabla ya kapsuli husaidia, na nafuu yenyewe huhitaji wiki nne hadi sita ili ionekane vizuri. Kutotulia hakupuuzwi. Kukizidi, au kukija na mawazo ya kujidhuru, ni kurudi kliniki siku hiyohiyo. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa walio chini ya miaka 25, lakini mgonjwa wa umri wowote huangaliwa kwa karibu mwezi wa kwanza na kila dozi inapobadilishwa.

Wiki ya pili alipimwa chumvi ya damu, yaani sodiamu. Fluoksetini na dawa nyingine za kundi lake huweza kuishusha, hasa kwa wanawake waliokwenda umri, na hidroklorothiazidi nayo hufanya vivyo hivyo kwa njia nyingine. Mtu mwenye zote mbili, katika joto la Amu, ana sababu mbili za kupata kizunguzungu na kuchanganyikiwa bila yeyote kushuku dawa. Kiwango chake kilikuwa 134, pungufu kidogo tu kwa kipimo cha kawaida cha 135 hadi 145. Ingekuwa busara kumbadilishia dawa ya presha papo hapo, kwa mfano amlodipini. Waliamua kusubiri.

Nyumbani palikuwa na shauri jingine. Mamake mdogo alileta kombe. Aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji hazigombani na fluoksetini, na mhudumu anayemkataza mgonjwa kombe hupoteza imani yake bure. Mizizi na unga usiojulikana umo nini ni habari nyingine: hiyo huletwa kliniki ionekane, kwa sababu dawa nyingine za kienyeji zinazouzwa kwa pakiti huwa zimechanganywa na dawa za hospitali bila kuandikwa. Muguka na miraa pia huulizwa. Mama hakuwa mtumiaji, lakini kwa pwani swali hilo halirukwi, maana anayetafuna usiku hawezi kujua kama kukosa usingizi kumetokana na sonona, dawa au majani.

Wiki ya tano alianza kulala hadi alfajiri. Wiki ya saba alishika sindano na kofia. Akaacha dawa.

Siku tisa

Hakumwambia mtu. Aliona amepona, na kapsuli zilizokuwa mkononi zilikuwa zimekwisha. Wakati huo kusi ilikuwa imechafua bahari na binti alikuwa Faza kwenye harusi, kwa hiyo hakukuwa na wa kumkumbusha. Ukiisahau fluoksetini siku moja, unaendelea na moja ya kesho bila kulipiza mbili. Hata ikikatika siku tatu nne kwa sababu ya bahari, kwa kawaida mwili hausikii. Dawa nyingine za sonona hazina uvumilivu huo: paroksetini au venlafaksini ikikatizwa, siku ya pili au ya tatu mtu huhisi kizunguzungu, hasira na mishtuko kichwani kama ya umeme.

Uvumilivu huo wa fluoksetini unatokana na jambo moja: haitoki mwilini upesi. Ikiwa imetumiwa kwa wiki kadhaa, huchukua siku nne hadi sita kupungua kwa nusu. Kisha ini huigeuza kuwa norfluoksetini, ambayo nayo inafanya kazi, na hii huchukua siku nne hadi kumi na sita kupungua kwa nusu, wastani wake ukiwa kama siku tisa. Mtu aliyeacha siku tisa zilizopita, basi, ana kama robo ya fluoksetini yake na kama nusu ya norfluoksetini. Hasikii chochote kibaya, na kwa kutosikia huko anaamini imekwisha.

Siku ya tisa tangu aiache, alipanda mashua hadi Mokowe na basi hadi Malindi, kumtembelea dadake. Miguu ilikuwa ikimwaka moto usiku, na kiuno kinamuuma baada ya safari. Dadake akampeleka kituo cha afya cha karibu.

"Mama, kuna dawa unayotumia?"

"Ni hii ya presha tu, mwanangu."

Hakudanganya. Aliyeuliza alipata jibu sahihi la swali lake. Swali linalohitajika hapa ni refu kidogo: ni dawa gani umemeza tangu miezi miwili iliyopita, hata kama umeshaiacha, na ya mwisho ulimeza lini? Maneno matano sita zaidi yangetosha.

Aliondoka na dawa mbili. Amitriptilini ya miligramu 25, tembe moja usiku, "na baada ya siku tatu ukiona haitoshi umeze mbili". Na tramadoli, dawa ya maumivu makali, ya miligramu 50, mara tatu kwa siku. Amitriptilini ni dawa ya zamani ya sonona ambayo kwa dozi ndogo husaidia maumivu ya mishipa ya fahamu, na kumpa mtu mwenye miguu inayowaka si kosa hata kidogo. Kupandisha baada ya siku tatu ndiko kulikuwa haraka kidogo. Hata inapotumiwa kwa sonona, huongezwa miligramu 25 hadi 50 kwa wiki. Lakini hata haraka hiyo, kwa mgonjwa mwingine, lingeishia kwenye kinywa kikavu na usingizi mzito wa asubuhi.

Kilichotokea ndani ya ini

Ini lina vimeng'enya vinavyovunja dawa. Kimoja, ambacho wataalamu hukiita CYP2D6, ndicho chenye kazi kubwa ya kuiondoa amitriptilini pamoja na nortriptilini inayotokana nayo. Fluoksetini na norfluoksetini hukifunga kimeng'enya hicho. Dawa za jamii ya amitriptilini zikikutana na fluoksetini, kiwango chake katika damu kimeonekana kupanda mara mbili hadi mara kumi, na athari hiyo huweza kudumu wiki tatu au zaidi baada ya fluoksetini kuachwa. Maelezo haya yamo katika maelezo rasmi ya fluoksetini, ambayo wachache huyasoma.

Kwa hiyo tembe mbili za miligramu 25 hazikuwa miligramu 50 kwa mama huyu. Pengine zilikuwa kama 150, pengine zaidi. Hakuna awezaye kusema bila kupima damu, na kipimo hicho hospitali nyingi hazina. Mbaya zaidi, kwa kuwa dawa inaondoka polepole, tembe ya leo inaipanda ya jana kabla haijapungua, na kiwango kinazidi kupaa siku baada ya siku ingawa dozi haijabadilika. Ndiyo maana madhara hayakuja usiku wa kwanza.

Tramadoli ilikuwa na mkasa wake. Nguvu yake kubwa ya kutuliza maumivu hutokana na kitu kinachozalishwa pale ini linapoigeuza, na anayeigeuza ni kimeng'enya hichohicho kilichofungwa. Mama akameza tramadoli isiyomtuliza. Tramadoli isiyogeuzwa hubaki kwenye damu, na hiyo huongeza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, kama fluoksetini inavyofanya, na hushusha kizuizi cha degedege kwenye ubongo, kama amitriptilini inavyofanya. Maumivu yalipokataa kupungua, siku ya tano alianza kumeza mbili mbili. Dadake alimnunulia nyingine dukani. Tramadoli haitakiwi kuuzwa bila cheti cha daktari, na ukomo wa mtu mzima mwenye afya ni miligramu 400 kwa siku. Mama alikuwa anafikisha 300, akiwa na dawa nyingine mbili ndani.

Mtu akikuambia dawa ya maumivu "haimshiki" na huko nyuma alitumia fluoksetini, jambo la kwanza si kuongeza. Hivyo ndivyo kodeini, dawa nyingine ya maumivu, nayo inavyoshindwa, kwa sababu ileile.

Usiku wa nane

Dadake aligundua saa sita usiku. Mama alikuwa anaokota vitu visivyokuwepo juu ya shuka, anamwita marehemu mumewe, sauti imekauka. Tangu asubuhi hakuwa amekojoa. Nyumbani kulitajwa pepo, ikatajwa na malaria, na zote mbili zilieleweka: huzuni ya mjane na mji wa mbu. Alifikishwa hospitali kabla ya alfajiri.

Joto la mwili lilikuwa 37.6, mapigo ya moyo 124 kwa dakika, presha 138 kwa 84. Ngozi kavu, mboni zimetanuka, ulimi kama karatasi. Kibofu kilishikika kwa mkono juu ya kinena. Malaria haikuonekana, sukari ilikuwa 6.2. Sodiamu 131: imeshuka, lakini kwa kiwango hicho peke yake haielezi mtu anayeongea na marehemu. Angepelekwa nyumbani na maji ya chumvi, chanzo kingebaki.

Kazi ngumu ya saa ile ni kutenganisha mambo mawili yanayofanana. Serotonini ikizidi, mgonjwa huloa jasho, tumbo hunguruma na kuharisha, na ukiusukuma wayo wake juu kwa ghafla kifundo cha mguu hurukaruka chenyewe mara kadhaa. Amitriptilini ikizidi, jasho hukauka, tumbo hunyamaza, mkojo huziba. Mama alikuwa mkavu na tumbo lake kimya, ila vidole vilitetemeka na kifundo cha mguu kiliruka mara mbili kikatulia. Uzito ulikuwa upande wa amitriptilini, na dalili ndogo ya upande wa pili kutokana na tramadoli juu ya mabaki ya fluoksetini.

Hadi hapo lakini hakuna aliyejua habari ya fluoksetini. Aliyeijua alikuwa binti, na alikuwa Amu. Alipopigiwa simu alisema neno ambalo kila mwenye mgonjwa angesema: "Ile alishaiacha, mwezi huu hajaimeza." Muuguzi akamwomba aangalie karatasi ya kapsuli za mwisho na tarehe iliyoandikwa kwenye bahasha ya dawa. Hesabu ikatoka: siku kumi na saba tangu kapsuli ya mwisho. Kwa hesabu hiyo picha yote ikakaa sawa.

Matibabu yalikuwa machache na ya uangalifu. Amitriptilini na tramadoli zilikatizwa papo hapo. Akawekwa mpira wa mkojo, ikatoka zaidi ya mililita 900. Akapimwa umeme wa moyo, kwa sababu amitriptilini huua kwa njia ya moyo: wimbi linaloitwa QRS likipanuka kupita milisekunde 100, hatari ya degedege huongezeka, na likizidi kupanuka moyo wenyewe huweza kupoteza mwendo, tiba yake ni sodiamu baikaboneti kwenye mshipa. Lake lilikuwa 94. Dawa hiyo iliwekwa tayari kando ya kitanda, na kipimo kikarudiwa kila baada ya saa chache. Mkaa wa dawa haukutolewa. Sumu ilikuwa imejikusanya kwa siku nyingi, haikuwa tumboni ikisubiri kunyonywa.

Kilichokuwa karibu kufanyika, na ambacho kingemdhuru, ni kudungwa klopromazini, dawa ya maradhi ya akili, ili "atulie". Katika wodi yenye kelele, mtu anayevua mpira na kupiga mayowe hudungwa haraka. Lakini klopromazini nayo hukausha kinywa na kuziba mkojo, hushusha presha, huweza kuvuruga mwendo wa moyo, na hurahisisha degedege. Kwa mgonjwa huyu kila moja ya hizo ilikuwa kuongeza kuni kwenye moto uliopo. Walipunguza mwanga, dadake akakaa naye akimshika mkono, na diazepamu ikawekwa kwa ajili ya degedege au fadhaa ikizidi. Haikuhitajika zaidi ya mara moja.

Kwa kawaida mgonjwa wa namna hii huangaliwa siku moja na kuruhusiwa mapigo na umeme wa moyo vikiwa sawa. Yeye alikaa siku tatu. Sababu ni ile ile: mabaki ya fluoksetini yalikuwa bado yanaichelewesha amitriptilini kutoka. Siku ya pili jioni alimtambua dadake. Siku ya tatu alikojoa bila mpira na kuulizia kofia zake.

Baada ya hapo

Kosa rahisi hapa lingekuwa kumwambia akae mbali na dawa za sonona maisha yake yote. Jamaa walikuwa tayari kulisema hilo. Lakini aliyeiacha wiki ya saba hajapona, amepata nafuu. Mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa iendelee miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya dalili kuisha, kwa sababu anayeacha mapema hurudiwa kwa urahisi. Na ilikuwa imeshaanza kurudi: saa tisa usiku alikuwa macho tena.

Walisubiri wiki mbili ili amitriptilini itoke kabisa, kisha wakarudisha fluoksetini ya miligramu 20. Hidroklorothiazidi iliondolewa safari hii, ikaingia amlodipini, na sodiamu ikapimwa tena baada ya wiki mbili. Miguu inayowaka iliachiwa paracetamoli kwanza, gramu moja isiyozidi mara tatu kwa siku, na sehemu kubwa ya maumivu hayo yalipungua sonona ilipopungua, jambo linalotokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa nyingine za maumivu, alikatazwa. Fluoksetini hupunguza uwezo wa chembe za damu kugandisha, na dawa hizo huchubua tumbo; zikikutana, tumbo huvuja damu kwa urahisi, na kwa mwenye presha zina madhara mengine pia.

Binti alipewa karatasi moja ya kukaa ndani ya mkoba wa mama, iliyokunjwa pamoja na kitambulisho. Ina safu tano: jina la dawa kama lilivyo kwenye kasha, miligramu, saa ya kumeza, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha. Safu ya tano ndiyo inayokosekana kwenye karatasi nyingi za namna hii. Dawa iliyoachwa haifutwi. Huandikwa tarehe na kubaki pale. Chini yake yameandikwa majina ya dawa za kuulizia kabla ya kumeza: tramadoli, kodeini, amitriptilini, linezolidi inayotumika kwa kifua kikuu sugu, warfarini ya kuzuia damu kuganda, tamoksifeni ya saratani ya matiti ambayo fluoksetini huidhoofisha, na metoprololi ya presha na moyo ambayo fluoksetini huipandisha. Methadoni, inayotumiwa kuwatibu waraibu wa heroini, imo pia, kwa kuwa karatasi hii huandikwa kwa wagonjwa wa mji wenye kliniki ya methadoni. Dawa ya malaria ya artemetha na lumefantrini haikatazwi, kwa sababu malaria huua upesi, ila anayeitoa aambiwe ili aangalie moyo, hasa kama mgonjwa yuko kwenye amitriptilini.

Mambo madogo ya nyumbani yalichukua robo saa tu. Dawa ikae kwenye kasha lake, chini ya nyuzi 30, mbali na jiko na mbali na bafu. Nyumba za mawe za Amu zina vyumba vya ndani vyenye ubaridi wa kutosha, lakini dirisha la kusini linapigwa na chumvi na unyevu hadi kapsuli zinashikana. Ramadhani, kapsuli moja kwa siku haivunji ratiba: humezwa daku, au futari kama inamletea kichefuchefu, na kuhama kutoka asubuhi hadi jioni hufanyika siku moja bila hesabu yoyote. Msimu wa kusi, kabla ya mwezi wa sita, aombe akiba ya wiki mbili zaidi, mradi jibu lake kuhusu kujiua liwe limeulizwa upya na akiba hiyo ikae kwa binti.

Siku ya kuacha ikifika, baada ya miezi hiyo yote, haitakuwa kapsuli kuisha mkononi. Itapunguzwa kwa wiki nne au zaidi. Kwa fluoksetini ya miligramu 20 yatosha kumeza siku moja na kuruka moja, kwa kuwa dawa yenyewe hujipunguza taratibu. Na kwenye safu ya tano itaandikwa tarehe mbili: ya kapsuli ya mwisho, na nyingine wiki tano mbele yake. Hadi tarehe hiyo ya pili, mtu yeyote akimuuliza kama kuna dawa anayotumia, Amu, Malindi au Mombasa, jibu litaanza na fluoksetini.